Namba Moja ya Shosho

Asubuhi hiyo nilitoka katika nyumba yetu ya mtaa wa Aston bila kujua ninakwenda wapi. Mpwa wa Shosho alikuwa ametupa sisi wapangaji muda wa mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Wenzangu walishahama. Nilifunga begi langu, ambalo halijawahi kunichukua zaidi ya dakika kumi, nikatumbukiza funguo kwenye tundu la barua, nikaenda kusimama kituoni. Nilijiambia nitapanda basi la kwanza litakalotokea. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule kidato cha pili: Nakuru, Mombasa, Juba, Doha, kisha huku Birmingham. Mtu akiniuliza kwa nini niliondoka mahali fulani, humjibu kwamba nilitaka kuona kwingine, na mara nyingi huwa ni kweli.

Basi la kwanza lilikuwa la Perry Barr. Ningeweza kuliacha lipite. Perry Barr ndiko iliko nyumba ya wazee alikopelekwa Shosho, na kwa miezi kumi na minne nilikuwa nikitembea na karatasi yake begini, imekunjwa mara nne, bila kumpelekea. Nilipanda kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Sijui Shosho alizaliwa mtaa gani wala baba yake alifanya kazi gani. Sikumuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Shosho ni nyanya kwa Kikuyu. Jina hilo alipewa na Njeri, muuguzi kutoka Nyeri, aliyekuwa na chumba cha mbele ghorofani. Mwenyewe alikuwa Mwingereza, mjane, mwembamba kama ufito, na alikuwa ameishi karibu na ule uwanja mkubwa wa mpira muda mrefu kiasi kwamba majirani wote aliowazoea walikuwa wamekufa au wamehama. Sisi alituita "bab", neno ambalo watu wa Birmingham humwitia yeyote wasiyemchukia. Wapangaji tulikuwa watatu: Njeri, mimi niliyekuwa nikifanya kazi ya ghalani, na Papa Amani, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima aliyepiga pasi hata soksi.

Kuhusu pasi, Papa Amani alikutana na mwenzake. Shosho alikuwa akipiga pasi karatasi. Sebuleni palikuwa na piano ya ukutani, na ndani ya benchi lake mlijaa karatasi za nyimbo za zamani, zile zenye nota na maneno, na picha ya mwimbaji kwenye jalada. Kila mwaka majira ya baridi yakianza alizitoa moja moja, akazilaza juu ya meza, akazifunika kwa taulo ya vyombo, akazipitishia pasi yenye joto dogo. Nilimuuliza kwa nini.

"Unyevu," alisema. "Karatasi ikijikunja, mtu hawezi kuisoma na mikono yake iko kwenye piano."

"Lakini hakuna anayezisoma, Shosho."

"Hakuna anayezisoma leo," akasema, akageuza ukurasa.

Alikuwa mkali kuhusu maji ya moto, kuhusu kufunga mlango wa nyuma, na kuhusu kuacha kijiko ndani ya sinki. Mwezi wangu wa kwanza Njeri alikaanga omena. Shosho alishuka ngazi polepole, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Kuna kitu kimekufa humu," alisema.

"Ndiyo, Shosho," Njeri akamjibu bila kugeuka. "Samaki mia mbili."

Nilidhani tutafukuzwa. Siku mbili baadaye tulikuta sufuria mpya jikoni yenye kifuniko kinachobana vizuri, na juu ya kifuniko amebandika kipande cha plasta alichoandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: MAREHEMU. Tangu siku hiyo omena zilipikwa humo tu. Yeye hakuzionja hata mara moja, lakini Njeri akimaliza kupika alikuwa anauliza kutoka sebuleni, "Mazishi yamekwisha?"

Alichukia mpira wa miguu, na siku za mechi alifunga mapazia kana kwamba kuna jeshi linapita. Pamoja na hayo, alijua matokeo kabla ya mtu yeyote. Alikaa jikoni na chai yake, akasikiliza uwanja. "Letu," alisema uwanja ukinguruma. Baada ya muda, sauti ndogo ya mbali ikitoka kona ya wageni: "Lao." Hakukosea. Nilikuwa nikihakikisha kwenye simu yangu kila mara, na kila mara nilishangaa, na yeye kila mara aliniona nikihakikisha. Sikulifikiria hilo wakati ule.

Nyumba iliyojaa nyimbo haikuwa na redio. "Redio inakuimbia hata kama hujaomba," alisema. Yeye alikulia katika kazi ya kuimbia watu walioomba. Akiwa msichana wa miaka kumi na saba, miaka ya hamsini, aliajiriwa katika duka la muziki katikati ya mji. Siku hizo, alituambia, watu wengi walikuwa na piano nyumbani na wachache walikuwa na mashine ya kuchezea santuri. Mtu akisikia wimbo kwenye ukumbi wa dansi alikwenda dukani kununua karatasi yake. Kaunta ya karatasi ilikuwa na wasichana watatu na piano moja. Mteja anachagua karatasi, anampa msichana, msichana anaipiga na kuiimba pale pale ili mteja ajue anachonunua. Jumamosi mchana, viwanda vikifunga, foleni ilitoka mpaka barabarani.

"Mteja akishashika karatasi mkononi, nyamaza," alikuwa akisema. Ndiyo iliyokuwa falsafa yake yote ya biashara, na aliitumia kwa mambo mengine pia. Njeri alipompata mchumba na kuanza kutueleza sababu za kumpenda, Shosho alimkatiza: "Umeshaishika karatasi, bab. Nyamaza."

Mume wake mwenyewe alimpata kwenye kaunta ile. Kijana wa kiwandani alikuja akaomba wimbo fulani, akaimbiwa, akanunua. Jumamosi iliyofuata akaja akaomba wimbo ule ule, akaimbiwa, akanunua. Mara ya nne Shosho alimuuliza ana piano ya aina gani. Hakuwa na piano. Alikwenda akanunua moja kwa mkopo ili aache kuonekana mjinga, na ndiyo ile iliyokuwa sebuleni. Hakujifunza kuipiga mpaka akafa.

Wimbo wenyewe ndio ninaotaka kuueleza. Ulihusu mwanamke aliyesahau glovu zake juu ya benchi la stesheni, na mwanamume aliyekaa kuzilinda akisubiri arudi. Kama anarudi au harudi, sikujua, na nitasema kwa nini sikujua. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikusanyika sebuleni, Njeri akachemsha chai ya maziwa na tangawizi, Papa Amani akaleta mandazi kutoka kwa mwanamke mmoja wa kwaya, na Shosho akapiga wimbo ule. Akimaliza, alisema kila mara, kwa maneno yale yale: "Wimbo wetu huo. Ulifika namba moja."

Mimi wakati wa wimbo nilikuwa nikisoma. Nina ugonjwa huo. Nikisikia stesheni, nataka kujua reli ya kwanza mjini ilijengwa na nani. Nikisikia glovu, natafuta ngozi ilitoka wapi. Nilikaa kwenye ngazi na simu yangu, wimbo ukipita mlangoni, nikirudi ndani kwa mandazi.

Njeri ndiye aliyempeleka kanisani. Kanisa letu lilikuwa likikodi ukumbi wa shule hapo Aston, Wakenya upande mmoja, familia za Wakongo upande mwingine, watoto nyuma wakizungumza Kiingereza. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Sasa sisi mgeni hatumtambulishi kwa udogo. Mtu akija na mgeni mwenye duka, anatambulishwa kama mfanyabiashara wa kimataifa. Fundi wa umeme ni injinia. Kila aliyekua katika makanisa yetu anajua kupunguza nusu, na hakuna anayehesabu kuwa ni uongo, ni namna ya kumpa mgeni kiti. Njeri alimnong'oneza mchungaji, naye mchungaji akasimama na kusema, kwa Kiswahili:

"Huyu mama mnayemwona ndiye aliyeimba wimbo uliokuwa namba moja Uingereza nzima."

Vigelegele vilipanda. Mama Shukuru, mwimbishaji wa kwaya, Mkongo mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimfunga Shosho kitenge kipya mabegani. Shosho hakujua hata neno moja la yaliyosemwa. Alijua tu kwamba watu wanafurahi, akasema "Asante," neno pekee alilokuwa amejifunza kwetu. Kisha wakamketisha kwenye kinanda cha kwaya, akaimba wimbo wa glovu wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nami nilikuwa kwenye korido, simu imechomekwa ukutani, nikitafuta orodha ya nyimbo zilizouzwa sana miaka ile. Niliipata. Nilipata hata zaidi ya nilichotafuta. Wimbo ule ulikuwa umetiwa kwenye santuri na waimbaji watatu kwa mpigo, kama ilivyokuwa desturi wakati ule, na wote watatu walikuwa watu wengine.

Tulikula. Baada ya chakula mchungaji akasema mmoja wa wapangaji atoe neno la shukrani kwa mgeni. Njeri alikuwa na sahani mbili mkononi, akanisukuma kwa kiwiko.

"Enda wewe. Si unapenda kuongea."

Lazima niseme nilivyojisikia, vinginevyo hii yote haina maana. Mle ndani mlikuwa na wauguzi, mhasibu, wanafunzi wa chuo kikuu. Asubuhi hiyo mhasibu alikuwa ameniuliza nimesomea nini, nikamjibu "Maisha," akacheka kwa adabu. Nikasimama nikiwa na jambo ambalo hakuna msomi yeyote pale aliyekuwa nalo. Nikaongea kwa Kiingereza, ili mgeni asikie.

"Tunamshukuru Shosho," nilisema. "Lakini mimi ni mtu wa kuchunguza. Kuna orodha ya santuri. Wimbo huu uliimbwa na watu watatu, na jina la Shosho halimo. Na yule aliyepanda juu zaidi hakukaribia hata namba moja." Nikacheka kidogo. "Ila sisi tunampenda hivyo hivyo."

Ndipo msichana mdogo, mtoto wa Mama Shukuru, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida tu ya mtoto anayetaka kuelewa:

"Kwa hiyo alidanganya?"

Shosho alisikia. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kusoma karatasi iliyojikunja. Kisha akavua kitenge. Hakuweza kuacha kitu kikiwa kimekunjamana, hata saa hiyo. Alikikunja vizuri, kona kwa kona, akakiweka juu ya kiti.

"Bab," aliniambia, "nipeleke nyumbani."

Tulitembea. Karibu na kona ya barabara yetu akauliza, "Walisema mimi ndiye niliyeimba kwenye santuri?"

"Ndiyo. Walisema kwa Kiswahili."

"Mimi nilisema wimbo wetu. Wetu wa kaunta."

"Najua."

"Ulijua?"

Nilikuwa nimejua, au ningejua kama ningefikiria kwa muda wa pumzi moja.

"Na ulikuwa namba moja," alisema akitafuta ufunguo.

"Shosho, nimeiona orodha."

"Basi kuna orodha uliyoiona," akasema, akaingia.

Jioni Njeri alikuja jikoni, akavuta kiti.

"Ulikuwa unataka kumshinda nani?"

"Nilisema ukweli."

"Ukweli wako si ungekula nao huko chumbani kwako? Yule mama amebeba uongo wa nani? Si wangu? Si wa mchungaji? Mbona hukusimama ukasema Njeri ametia chumvi?"

Papa Amani alikuwa akipiga pasi shati. "Kwetu," alisema, "mutu kama wewe tunamuitaka avoka asiye na mteja. Anashinda kesi, anarudia nyumbani yake peke yake."

Piano ilifungwa. Hakuna aliyeambiwa asije sebuleni siku za Jumapili, watu waliacha kuja tu. Shosho hakunisema, hakuninunia. Aliendelea kuniita bab, aliendelea kuniachia kikombe kikubwa cha chai kwa sababu alijua natoka zamu nikiwa na kiu. Siku ya mechi nilimkuta jikoni, uwanja ukanguruma, nikangoja aseme "Letu." Alinitazama, akatazama simu yangu mezani, akasema, "Angalia wewe, bab. Wewe utajua." Sijawahi kupigwa kofi linaloumiza hivyo.

Mwezi wa pili, kwenye maktaba kubwa ya mjini, nilikuwa nikisoma habari za mifereji. Mtunza kumbukumbu aliniletea rundo zima la magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, na mimi sijui kufungua ukurasa mmoja nikaacha wa pili. Katika gazeti moja la mambo ya muziki niliona orodha mbili kando kwa kando. Moja ya santuri, ndiyo niliyoiona kwenye simu. Ya pili ilikuwa ya karatasi. Nilimuuliza yule mtunza kumbukumbu maana yake.

"Ya karatasi ndiyo ya zamani," alisema. "Hiyo ndiyo watu waliyoiangalia. Santuri zilikuwa jambo jipya. Orodha ya karatasi haikujali nani ameimba, ilihesabu wimbo. Nani ameuza karatasi nyingi, madukani, nchi nzima."

Juu kabisa ya orodha ya karatasi ulikuwa wimbo wa glovu. Wiki iliyofuata, ulikuwa pale. Wiki iliyofuata, pale pale. Waimbaji watatu walikuwa wamegawana wanunuzi wa santuri, kila mmoja akabaki chini, lakini wimbo wenyewe, kwenye kaunta zenye wasichana na piano, ulikuwa umeishinda nchi. Wimbo wetu. Nilinakili ukurasa ule, nikaukunja mara nne.

Hapa ndipo aibu yangu inapokaa. Lile la ukumbini lilikuwa la dakika moja, na mtu anaweza kusema ni ujinga. Hili lilikuwa la miezi. Nilimpita Shosho kwenye korido nikiwa na karatasi mfukoni. Nilimbebea makopo ya takataka nikiwa nayo. Kila siku ilikuwa na sababu yake: leo amechoka, leo Njeri yupo, leo nimechelewa zamu. Kumpa kungekuwa kumwambia kwamba nilichunguza nusu, na kwamba nilimwaibisha mbele ya watu kwa sababu ya nusu hiyo. Mwezi wa nane alianguka kwenye ngazi. Nilimtembelea hospitalini mara moja, nikampelekea ndizi, tukazungumza kuhusu mvua. Karatasi ilikuwa begini. Kutoka huko mpwa wake alimpeleka Perry Barr, na sikwenda.

Lile basi la asubuhi lilinishusha karibu na stesheni ya Perry Barr. Nyumba ya wazee iko nyuma ya majengo mapya. Dada wa mapokezi alikuwa Mkenya, akanikagua na begi langu.

"Wewe ni wa familia?"

"Nilikuwa mpangaji wake."

"Ule wa chakula cha samaki?"

"Huyo ni Njeri."

"Njeri huja kila wiki ya pili. Wewe hajakutaja." Alisema bila ubaya, akinipa kalamu niandike jina.

Shosho alikuwa kwenye sebule kubwa, karibu na dirisha, na wazee wengine saba au wanane kwenye viti vyao. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yake.

"Bab," alisema. "Umekuja na begi. Unakwenda wapi?"

"Sijui bado."

"Kama kawaida."

Nilikaa. Nilitoa karatasi, nikaifungua. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Alivaa miwani, akaipiga jicho, akaiweka juu ya mapaja na kuanza kuinyoosha kwa kiganja, huku na huku.

"Umeipata lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa pili."

Akahesabu kwa vidole. "Nilikuwa bado nyumbani."

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunaonana kila siku."

"Ndiyo, Shosho."

Akanirudishia karatasi. "Isome," alisema. "Kwa sauti. Simama, kama siku ile."

Nikasimama mbele ya wazee wale. Nilianza na namba kumi. Nilisoma jina la wimbo, mzee mmoja mwenye blanketi magotini akasema, "Ah, huo." Namba tisa, nane. Bibi mmoja akaanza kuvumisha kwa pua wimbo wa namba saba, mwingine akamwambia amekosea, huo ni wa namba nne. Nilifika namba moja, nikautaja wimbo wa glovu.

"Tena," alisema Shosho.

Nikautaja tena.

"Niliuza huo," aliwaambia wenzake, na wenzake wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu wao walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakinunua na hawakuhitaji kuthibitishiwa na mtu.

"Nisamehe, Shosho," nilisema. "Ningekuja mapema. Ningeuliza."

"Wale wa kanisani, umewaambia?"

"Bado."

"Ah." Alitazama nje kidogo. "Yule mtoto aliyeuliza. Atakuwa mkubwa sasa." Akanyoosha mkono, akaukunja ukurasa kwa mikunjo yake ile ile, akausukuma kifuani kwangu. "Basi umeleta kwa mtu asiyehusika. Mimi nilikuwa najua siku zote."

Aliuliza kama nimekula. Nilipoondoka alisema "Asante," nami sikujua ni ya nini.

Nilipanda basi la kuzunguka nje ya mji, nikabadilisha, nikashuka Washwood Heath. Papa Amani alikuwa amenidokeza wiki ile kwamba Mama Shukuru ana chumba cha kupangisha, nami nilikuwa nimemwambia kwamba popote isipokuwa pale. Nyumba yake inatazama ile ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha magari, ambako sasa wanajenga karakana ya reli mpya. Kreni za ujenzi zilikuwa zimesimama juu ya paa. Nilibisha.

Mama Shukuru alifungua akiwa na povu la sabuni mikononi. Alinitazama.

"Wewe si ule wa telefoni?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Unatafuta chumba?"

"Ndiyo. Lakini kwanza nina kitu." Nikampa karatasi, nikamweleza pale pale mlangoni: orodha mbili, kaunta, wasichana watatu, na kwamba yule bibi hakudanganya, na kwamba nimekuwa nikijua tangu mwaka jana. Alikausha vidole kwenye vazi lake kabla ya kuishika. Akamwita binti yake. Msichana akashuka, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, akaisoma kwa Kiingereza akifuata mistari kwa kidole.

"So ilikuwa kweli," alisema, Kiswahili chake na Kiingereza vikigongana.

"Ilikuwa kweli," nikasema.

Akanitazama kama alivyonitazama Shosho, akapanda zake.

"Bon," akasema Mama Shukuru. "Chumba iko juu, mulango ya pili. Siku ya yenga, ile ya kanisa, uko na kazi?"

"Asubuhi niko huru."

"Basi utasimama mbele ya watu, utasema hii yote kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, ju ya watoto. Kwaya itaimba ule wimbo. Inaendaka namna gani?"

Nilifungua mdomo. Nilijua majina ya wale waimbaji watatu. Nilijua kila mmoja alifika namba ngapi na alikaa hapo wiki ngapi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, Jumapili baada ya Jumapili, mlango ukiwa wazi.

"Sijui, Mama," nilisema.

"Hauyui?"

"Sikuusikiliza."

Alinitazama, safari hii kwa huruma kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akarudi kwenye sinki. Nilianza kupanda ngazi na begi langu, na nilipofika katikati nilisikia anauvumisha. Alikuwa ameusikia mara moja tu, ukumbini, mimi nikiwa kwenye korido. Ulipanda taratibu, ukasita, ukapanda tena.

"Anarudi?" nilimuuliza kutoka ngazini.

"Nani?"

"Yule mwanamke aliyesahau glovu."

"Mie siyui maneno yake," alisema Mama Shukuru, sahani zikigongana. "Nyamaza, sikia namna inashuka hapa mwisho."

Niliweka begi chini, nikakaa kwenye ngazi, nikanyamaza.